Kupima uchafuzi wa hewa ya mji kwa laida: mwongozo kamili, kuanzia swali hadi mikrogramu

Kipimo cha hewa kilichofungwa ukutani kinajua hewa iliyokipitia tu. Moshi ukipita mita hamsini juu yake, au ukizagaa mtaa wa pili, hakina habari. Laida inaziba pengo hilo. Ni binamu wa rada anayetumia mwanga badala ya mawimbi ya redio: inarusha mipigo mifupi ya leza hewani, inakusanya kwa darubini ule mwanga kidogo unaorudishwa na vumbi, masizi na molekuli za hewa, na kwa kupima muda uliopita inajua umeruka kutoka wapi.

Kabla ya chochote, lijue jambo moja ambalo wauzaji wa mitambo hulipitia haraka: laida haipimi PM2.5, yaani uzito wa chembe ndogo za hewani zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini. Inapima mwanga. Kati ya mwanga huo na mikrogramu kwa mita ya ujazo kuna ngazi kadhaa za hesabu, na kila ngazi inaweza kukuangusha. Mwongozo huu unazifuata moja baada ya nyingine.

## Anza na swali, mashine baadaye

Kuna maswali matatu ambayo miji huiuliza laida, na kila moja lina mtambo wake.

La kwanza: uchafu umechanganyika hadi kimo gani? Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloeleza kwa nini magari yaleyale na majiko yaleyale huleta hewa nzuri saa nane mchana na hewa mbaya saa moja asubuhi. Tabaka la mchanganyiko likishuka kutoka mita 1500 hadi mita 300, moshi uleule unajibana kwenye tano ya nafasi yake, na kiasi chake katika kila mita ya ujazo kinapanda mara tano bila mtu kuwasha injini ya ziada. Kwa kazi hii silomita inatosha. Ni laida ndogo iliyobuniwa kupima kimo cha mawingu kwenye viwanja vya ndege, inatazama juu tu, haihitaji mtu wa kuiangalia kila siku, na kwa kawaida hutumia leza ya nanomita 905 hadi 910 au 1064.

La pili: vumbi au moshi huu unatoka wapi? Hapa unahitaji laida inayozunguka, yenye kichwa au kioo kinachoweza kuelekeza mwali upande wowote na kuchora ramani ya mji ukiwa umekaa juu ya paa moja.

La tatu: kuna gesi kiasi gani, kwa mfano ozoni, dioksidi ya nitrojeni au dioksidi ya salfa? Hili ni swali ghali. Linataka mtambo wenye urefu wa mawimbi mawili na fundi anayeujua. Limepewa sehemu yake huko chini.

Usinunue mtambo wa swali la tatu kujibu swali la kwanza. Mtambo mgumu ukikosa mtu wa kuutunza hutoa data kwa wiki chache, kisha unabaki pambo la paa.

## Safari ya mpigo mmoja

Mwanga husafiri mita 300,000,000 kwa sekunde. Kwa kuwa unakwenda na kurudi, kila mikrosekunde 1 ya kungoja ni mita 150 za umbali. Ukisoma kipokezi kila nanosekunde 50, kila kipande cha data ni mita 7.5 za hewa. Ukisoma kila nanosekunde 100, ni mita 15.

Kiasi kinachorudi kinategemea mambo manne: nguvu ya mpigo na ubora wa mtambo, wingi wa chembe pale mwanga ulipofika, yaani mrejesho; mraba wa umbali, kwa maana hewa iliyo mbali mara mbili inarudisha robo ya mwanga; na ufifiaji, yaani mwanga unaopotea njiani, ambao unatozwa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa kila umbali una namba moja uliyoipima na vitu viwili usivyovijua: mrejesho wa pale na ufifiaji uliotangulia. Mlinganyo mmoja, mafumbo mawili. Karibu kila mbinu ya laida ni njia ya kupata mlinganyo wa pili au ya kuukisia kwa heshima.

## Sehemu za mtambo

Leza. Kwa uchafu wa chembe, leza ya Nd:YAG ndiyo farasi wa kazi. Hutoa nanomita 1064, na kwa fuwele maalumu mwanga huo hugeuzwa kuwa 532 wa kijani au 355 wa urujuanimno. Kuna shule mbili: mipigo michache yenye nguvu, yaani makumi ya milijuli mara 10 hadi 30 kwa sekunde, au mipigo midogo mingi, yaani mikrojuli kadhaa mara elfu kadhaa kwa sekunde. Kwa mji, shule ya pili ina amani zaidi: usalama wa macho ni rahisi kuufikia na mtambo hudumu. Leza zinazosukumwa kwa taa ya mweko zinahitaji taa mpya baada ya makumi ya milioni ya mipigo. Fanya hesabu kabla ya kununua: mipigo milioni 30 kwa kasi ya 20 kwa sekunde ni siku 17 tu za kazi mfululizo. Zinazosukumwa kwa daiodi hazina adha hiyo.

Darubini. Kioo cha sentimita 15 hadi 30 kinatosha kwa mji, kwa sababu uchafu unaoutafuta uko kilomita 3 za mwanzo. Kilicho muhimu kuliko ukubwa ni uwanja wa kuona: ukiwa mwembamba unapunguza mwanga wa jua, lakini unasogeza mbali pale ambapo darubini inaanza kuuona mwali wote.

Chujio. Bila chujio jembamba la nanomita 0.5 hadi 1, mchana utakuwa unapima jua. Machujio haya husogea kidogo yakipata joto au yakikaa upande, kwa hiyo mwanga uyapige wima na joto la kasha lisibadilike.

Kipokezi. Mrija wa kuzidisha fotoni, yaani chembechembe za mwanga, kwa 355 na 532, au daiodi ya poromoko kwa 1064. Data husomwa kwa njia mbili: ya mkondo wa umeme, inayofaa karibu ambako mwanga ni mwingi, na ya kuhesabu fotoni mojamoja, inayofaa mbali. Mitambo mizuri hufanya zote mbili na kuziunganisha katikati.

Polaraizesheni. Ukiwa na nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza hiki. Leza hutoa mwanga unaotetemeka upande mmoja. Chembe ya mviringo, kama tone la maji au moshi uliolowa, huurudisha ukitetemeka vilevile. Chembe yenye kona, kama vumbi la udongo, huuvuruga. Uwiano wa mwanga uliovurugwa kwa usiovurugwa huwa karibu 0.3 kwa vumbi tupu la jangwani, na kwa moshi wa mji huwa asilimia chache tu. Ni njia rahisi kupita zote ya kutenganisha vumbi la barabara ya udongo na moshi wa mabomba ya magari.

## Usalama: sehemu isiyorukwa

Leza nyingi za laida zikiwa wazi ni za daraja la 4 katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1. Mpigo wa nanosekunde kadhaa unamaliza kazi yake kabla jicho halijapepesa, na jeraha la retina halirudi nyuma. Mwali wa 1064 ndio wa hila zaidi: hauonekani, lakini lenzi ya jicho inaukusanya kwenye retina kama kawaida. Mwali wa 355 huishia sehemu ya mbele ya jicho, na ule wa zaidi ya nanomita 1400 hunyonywa kabla ya kufika retina, ndiyo maana laida nyingi za kupima upepo hutumia takriban 1550. Hilo linapandisha kiwango kinachoruhusiwa. Halimaanishi mwali hauna madhara.

Tanua mwali kabla haujatoka. Kipanuzi kinachoukuza kutoka milimita 5 hadi 50 kinapunguza nguvu kwa kila milimita ya mraba mara 100. Kisha hesabu umbali salama kwa nishati, muda na marudio ya leza yako mwenyewe, usinakili ya jirani. Miwani ya kinga iwe ya urefu wa wimbi husika: ya 532 haikukingi na 1064 isipokuwa imeandikwa zote mbili.

Kwa mtambo unaozunguka, zuia pande zenye madirisha, madaraja na paa zenye watu kwa njia mbili: kwenye programu, na kwa kizuizi cha chuma au swichi inayokata leza kichwa kikivuka mpaka. Programu peke yake hugoma. Na kama mwali si salama kwa macho angani, mamlaka ya usafiri wa anga lazima ijulishwe na kuridhia kabla ya kuwasha, si baada.

## Kusimika

Chagua paa lenye upeo wazi na sakafu isiyotikisika. Mashine kubwa za kupoza hewa zina kasoro mbili: zinatikisa darubini, na hewa moto inayopanda kutoka kwao inachezesha mwali. Bomba la moshi la jikoni lililo mita kumi kutoka hapo litaonekana kwenye kila picha kana kwamba ni habari ya mji mzima.

Ndani ya kasha, weka nyuzijoto kati ya 20 na 25 na uzishikilie. Fuwele zinazogeuza 1064 kuwa 532 au 355 ni nyeti kwa joto. Nyuzi chache tu na nguvu inashuka bila taa yoyote ya hitilafu kuwaka. Dirisha la juu liinamishwe nyuzi kadhaa ili mwanga unaoakisiwa na kioo usirudi moja kwa moja kwenye kipokezi. Liwe na kipuliza hewa kavu au kipasha joto cha kuzuia umande, na lisafishwe kila wiki, au kila siku wakati wa vumbi.

Laida inayotazama juu isisimame wima kabisa. Iinamishe nyuzi 3 hadi 5. Sababu moja ni fuwele bapa za barafu katika mawingu ya juu, ambazo hulala kama sahani na kurudisha mwanga kama kioo. Nyingine inawahusu walio kati ya tropiki za Kansa na Kaprikoni: mara mbili kwa mwaka jua linapita utosini, na darubini iliyolikodolea macho inaunguza kipokezi kwa dakika chache. Inamisha kuelekea ncha ya dunia iliyo karibu, na bado weka kifuniko kinachojifunga chenyewe saa za adhuhuri katika wiki hizo.

## Majaribio matano kabla ya kuamini namba yoyote

Haya hayafurahishi na ndiyo yanayotenganisha data na mapambo.

1. Giza. Ziba darubini kabisa, leza ikiwa inapiga, na rekodi kwa dakika 15. Kinachobaki ni kelele ya umeme inayofuata kila mpigo. Itoe katika kila kipimo cha njia ya mkondo wa umeme. Rudia kila wiki, na kila baada ya kugusa waya.

2. Sifuri ya umbali. Kipande cha kwanza cha data mara nyingi si mita sifuri. Elekeza mwali kwenye kitu kigumu ambacho umbali wake umeupima kwa njia nyingine, uone kinajitokeza wapi. Kosa la vipande viwili vya mita 7.5 halionekani kilomita 5 mbali, lakini kwa sababu ya mraba wa umbali linaharibu vibaya mita 300 za mwanzo, ambazo ndizo watu wanazopumua.

3. Ukingo wa upofu. Karibu na mtambo darubini haiuoni mwali wote. Kwa mitambo mingi hali hiyo inaendelea hadi mita 200 au 500. Kuipima, chagua mchana wenye upepo, hewa ikiwa imechanganyika vizuri, elekeza mwali mlalo juu ya eneo lisilo na chanzo cha moshi, zidisha ishara kwa mraba wa umbali, na chora logi yake asilia. Hewa ikiwa sawasawa utapata mstari ulionyooka. Mahali karibu unapoinama chini ya mstari huo ni upofu wenyewe. Tengeneza jedwali la masahihisho, lakini usilitumie pale darubini inapoona chini ya theluthi moja ya mwali. Chini ya hapo unakuza kelele. Kama unayo laida inayozunguka, mteremko wa mstari huohuo ukigawanywa kwa mbili unakupa ufifiaji bila kukisia chochote.

4. Robo nne. Ziba darubini uache robo ya kaskazini tu, rekodi. Kisha mashariki, kusini, magharibi, kisha kaskazini tena. Mistari yote minne ikipimwa kwa kiwango kimoja inapaswa kulingana kuanzia pale upofu unapoisha. Isipolingana, kuna lenzi au kioo kilichokaa upande. Kaskazini ya pili iko pale kukuonyesha kama hewa yenyewe ilibadilika wakati unafanya jaribio.

5. Hewa safi. Usiku usio na mawingu, wastani wa saa moja au mbili, linganisha ishara ya kimo cha kilomita 5 hadi 8 na ile ambayo molekuli tupu zingetoa kwa mujibu wa shinikizo na jotoridi. Mistari ilandane. Ishara yako ikibaki juu kadiri unavyopanda, hujatoa mwanga wa usuli ipasavyo. Ikishuka chini, umetoa kupita kiasi au mwali na darubini havitazami mahali pamoja.

Kuna sahihisho jingine la kuhesabu fotoni. Kipokezi kikishasajili fotoni moja, huwa kiziwi kwa nanosekunde chache. Kwa uziwi wa nanosekunde 4, ukisoma megahezi 10 umepoteza takriban asilimia 4. Kwa megahezi 20 ni zaidi ya asilimia 8, na hesabu inaanza kutoaminika. Hapo ndipo unapohamia kwenye njia ya mkondo.

Kwa polaraizesheni, njia mbili za kupokea hazina unyeti sawa. Zungusha kichujio cha mtetemo nyuzi +45, kisha −45, na utumie wastani wa kijiometri wa uwiano wa hizo mbili. Kisha angalia hewa safi ya juu: kwa chujio jembamba molekuli zinatoa takriban 0.004. Ukipata 0.03, kuna mwanga unaovuja kati ya njia hizo, na vumbi lote utakaloliona mjini litakuwa limezidishwa.

## Kutoka ishara hadi ufifiaji

Fuata mpangilio huu, usiuruke: sahihisha uziwi wa kipokezi, toa giza, toa mwanga wa usuli (chukua wastani wa vipande vya mbali kabisa, ambako hakuna leza iliyobaki), sogeza sifuri, zidisha kwa mraba wa umbali, sahihisha upofu. Ukizidisha kwa mraba kabla ya kutoa usuli, umekuza takataka.

Baada ya hapo, kwa laida ya kawaida, hutumika mbinu iliyoelezwa na Klett mwaka 1981 na Fernald mwaka 1984. Unaanza mbali, kwenye hewa safi unayoijua, kisha unashuka kuelekea chini ukihesabu mrejesho na ufifiaji kwa pamoja. Kushuka kunatuliza makosa, kupanda kunayalipua. Lakini lazima uweke uwiano wa laida, yaani ufifiaji uliogawanywa kwa mrejesho. Kwa nanomita 532, chumvi ya bahari iko takriban steradiani 20 hadi 30, vumbi la jangwani 40 hadi 55, moshi wa mji 50 hadi 70, na moshi wa moto wa kuni na nyika unaweza kufika 80. Ukikisia 50 ambapo ukweli ni 70, ufifiaji wako unapungua kwa karibu theluthi moja huku picha ikionekana nzuri kabisa. Picha nzuri si ushahidi.

Kuna njia mbili za kupunguza ukisiaji. Ya kwanza: weka karibu kipima jua cha aina inayotumika kwenye mtandao wa AERONET, kinachopima ufifiaji wa safu nzima ya hewa. Badilisha uwiano wa laida hadi jumla ya ufifiaji wako ilingane nacho. Ya pili ni laida ya Raman: sehemu ndogo sana ya mwanga hurudi na rangi iliyobadilishwa na nitrojeni, 387 kwa leza ya 355 na 607 kwa leza ya 532. Kiasi cha nitrojeni hewani kinajulikana, kwa hiyo upungufu wowote ni ufifiaji. Huo ndio mlinganyo wa pili tuliokuwa tunautafuta. Udhaifu wake ni kwamba ishara ni hafifu mno, na kwa mitambo mingi huishia kuwa kazi ya usiku.

Tahadhari kwa wenye silomita za 905 hadi 910: mvuke wa maji hunyonya mwanga katika eneo hilo. Kwa kutafuta kimo cha tabaka si tatizo, lakini ukitaka ufifiaji kwenye hewa yenye unyevu mwingi lazima usahihishe. Za 1064 hazina tatizo hilo, ila molekuli zinaonekana kwa shida kwenye 1064, kwa hiyo kalibresheni ya hewa safi inataka wastani wa saa nyingi za usiku.

## Kutoka ufifiaji hadi mikrogramu

Hesabu yenyewe ni fupi. Gramu 1 ya chembe ndogo za mji, zikiwa kavu, hufifisha mwanga wa kijani kwa takriban mita za mraba 3 hadi 5. Tuseme umepata ufifiaji wa 0.2 kwa kilomita, yaani 0.0002 kwa mita. Gawanya kwa 4: mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo.

Sasa unyevu. Chembe za salfati, naitreti na sehemu ya moshi hunywa maji. Unyevu ukipita asilimia 80 zinavimba, na zikivimba zinarudisha mwanga zaidi bila uchafu wowote kuongezeka. Kama ufifiaji umezidi mara mbili kwa sababu ya maji, zile mikrogramu 50 ni 25. Alfajiri yenye ukungu, laida isiyosahihishwa huutangaza mji mzima kuwa umeungua.

Kwa hiyo usichukue ile namba 4 kitabuni. Weka chini ya mwali, au kando ya njia ya mwali wa mlalo, kipimo cha PM2.5 kinachokausha hewa kabla ya kupima, pamoja na kipima unyevu. Kusanya angalau wiki kadhaa katika kila msimu. Gawa data kwa madaraja ya unyevu: chini ya 60, 60 hadi 70, 70 hadi 80, 80 hadi 85. Juu ya 85 itupe kwa kazi ya mikrogramu. Kwa kila daraja tafuta mstari wake, na tenga siku za vumbi kwa kutumia polaraizesheni, kwa sababu vumbi kubwa lina uzito mwingi kwa mwanga kidogo. Vihisi vya bei nafuu vinavyotumia mwanga vina maradhi yaleyale ya kuvimba. Ukivitumia kama rejea utakuwa umelinganisha kosa na pacha wake na kufurahia wanavyofanana.

Linganisha wastani wa saa, si wa dakika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka PM2.5 kwenye mikrogramu 5 kwa wastani wa mwaka na 15 kwa wastani wa saa 24. Ukadiriaji wa laida wa dakika moja hauna haki ya kusimama kando ya namba hizo.

## Kimo cha tabaka

Njia ya kawaida ni kutafuta mahali mrejesho unaposhuka ghafla, kwa mteremko au kwa wimbi dogo la Haar, yaani hesabu inayosaka mruko wa ghafla, lenye upana wa mita 100 hadi 300. Mchana hufanya kazi vizuri. Jioni inadanganya: jua likizama, hewa ya chini inajitenga, lakini uchafu wa mchana unabaki juu kama tabaka la masalia, na programu inaendelea kukuambia mita 1400 wakati watu wanavuta moshi uliobanwa chini ya mita 200. Ilazimishe programu itafute mishuko yote, si mmoja mkubwa, na baada ya magharibi ipe kipaumbele ule wa chini. Kama ukingo wa upofu wako ni mita 300, kubali kwamba usiku mtambo huo hauna jibu, na usijaze namba.

## Kuzunguka juu ya mji

Elekeza mwali nyuzi 1 hadi 5 juu ya upeo na uzungushe. Hatua ya nyuzi 1 ni mita 52 ukiwa kilomita 3 mbali. Ukikaa sekunde 3 kwa kila hatua, duara zima linakula dakika 18, na moshi unaosukumwa na upepo wa mita 4 kwa sekunde umeshasafiri zaidi ya kilomita 4. Ndiyo maana waliozoea huzunguka duara zima mara moja kwa saa, kisha hukata kipande cha nyuzi 40 au 60 chenye shaka na kukirudia kila dakika chache.

Kumbuka pia kimo: mwali wa nyuzi 3 uko mita 52 juu ya mtambo ukifika kilomita 1, na mita 157 ukifika kilomita 3. Duara la karibu na duara la mbali kwenye ramani moja si kimo kimoja. Ukiona doa jekundu, usiseme chanzo hadi ulione mara tatu mfululizo likianzia sehemu ileile na mkia wake ukifuata upepo. Doa lisilosogea kabisa kwa saa nzima ni jengo, mnara au nyaya.

## Gesi

Laida ya gesi hurusha mawimbi mawili yaliyo karibu: moja gesi inalinyonya sana, jingine kidogo. Tofauti ya jinsi yanavyofifia ni gesi yenyewe. Chembe zinaathiri yote karibu sawa. Ozoni hupimwa kwa jozi kama 289 na 299, zinazopatikana kwa kupitisha leza ya 266 katika mitungi ya deuteri na haidrojeni. Dioksidi ya salfa ni karibu na 300, na dioksidi ya nitrojeni ni karibu na 448.

Angalia ukubwa wa kazi. Dioksidi ya nitrojeni ya sehemu 20 kwa bilioni ni kama molekuli 5 × 10¹¹ kwa sentimita ya ujazo. Kwa tofauti ya unyonyaji ya 2 × 10⁻¹⁹ za sentimita ya mraba, mita 100 za hewa zinaleta tofauti ya asilimia 0.2 tu kati ya mawimbi hayo. Hakuna ishara ya mji inayotulia kiasi hicho kwa dakika moja. Tanua kipande kuwa mita 500 au kilomita 1, chukua wastani wa dakika 15 hadi 30, na badilisha mawimbi kwa kila mpigo au kila sekunde, kabla hewa haijabadilika. Ukipima salfa karibu na 300, toa ozoni, nayo hunyonya hapohapo. Na kwenye mpaka wa wingu la moshi namba za gesi hupanda au kwenda chini ya sifuri. Hizo ni chembe zinazojifanya gesi, zikate.

Kwa kupata kilo kwa saa kutoka bombani, zidisha jumla ya gesi katika mkato wa wima wa moshi kwa kasi ya upepo unaopita kwenye mkato huo kwa pembe mraba. Kosa la asilimia 20 kwenye upepo ni kosa la asilimia 20 kwenye jibu, kwa hiyo pima upepo kwenye kimo cha moshi, si kwenye mlingoti wa mita 10.

## Dalili na chanzo chake

Ishara inapungua polepole kwa wiki: kwanza dirisha chafu, kisha fuwele za leza, kisha maji ya kupozea. Badilisha chujio la maji kwa ratiba, usingoje kengele.

Ishara ya mbali imepotea lakini ya karibu ipo: mwali na darubini vimeachana. Panga upya usiku, ukiitafuta ishara kubwa zaidi kwenye kimo cha kilomita 5 na kuendelea.

Wingu linafuatwa na mkia mrefu unaopungua taratibu: kipokezi kimelewa mwanga. Punguza kwa chujio la kijivu, na usihesabu huo mkia kuwa uchafu.

Tabaka jembamba lililo kimo kilekile usiku na mchana, siku saba mfululizo: ni kelele ya umeme au mwakisiko. Rudia jaribio la giza. Likibaki ukiwa umeziba darubini, tafuta waya wa kichocheo cha leza unaopita sambamba na waya wa kipokezi, uwatenganishe.

Ufifiaji hasi juu ya moshi mzito: umeanza hesabu mahali pasipo safi, au ishara imekwisha kabla ya kufika huko. Sogeza rejea, au kubali kwamba juu ya moshi huo huoni.

Kila kipimo kihifadhiwe kikiwa ghafi, pamoja na nguvu ya leza, joto la kasha, saa iliyolandanishwa na intaneti, pembe ya mwali na toleo la programu. Mawazo yako kuhusu uwiano wa laida yatabadilika mwakani, na bila faili ghafi hutakuwa na kitu cha kuhesabu upya.